Miguu Chini ya Leso

Kwenye treni ya Nanyuki, mwanamume na mwanamke mbele yangu walizungumzia sherehe ya mahari ya jana. Kwao Wendy, mwanamume huyo, Gathogo, aliambiwa amtambue Wendy, mchumba wake, kati ya wasichana waliofunikwa leso, miguu tu ikionekana. Akamshika Magdaline, rafiki yake tangu darasa la kwanza, huyu aliyekaa naye sasa.

"Wendy ni mrefu! Ulikosea aje?"

"Niliona miguu. Hiyo miguu naijua, Magda."

"Watu walicheka."

"Wendy hakucheka."

Nilifungua gazeti, sikumbuki lilikuwa la lini.

"Gathogo, miaka ishirini nimekaa mbele yako bila leso," Magdaline akasema polepole. "Hukunichagua."

Treni ikasimama Karatina, Magdaline akainuka ashuke. Gathogo alimshushia mzigo wake, akabaki ameushika.