Kura Nne za Marehemu Ambindwile, Bwana Mifugo wa Lufingo

Mchungaji, ndugu waombolezaji, majirani wa Lufingo na wageni wetu mliotoka mbali, kwa kawaida msomaji akifika hapa husema itifaki imezingatiwa, lakini familia inaomba radhi kwamba leo itifaki haikuzingatiwa hata kidogo, tena kwa makusudi, na sababu yake imo ndani ya historia hii tunayoomba kuisoma mbele yenu.

Marehemu Ambindwile Erasto Mwakibinga alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 hapa hapa Lufingo, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Erasto na mama Sekela, ambao wote wamekwisha kutangulia. Tarehe hiyo ni ya kuaminika kwa sababu ndiyo siku aliyozaa ng'ombe mwekundu wa mzee Erasto, ingawa cheti cha kuzaliwa kilichoandikwa baadaye sana kilisema ni mwaka 1958, na marehemu alipokwenda kurekebisha aliambiwa alete shahidi aliyekuwapo siku anazaliwa, naye akajibu kwamba shahidi alikuwa ng'ombe na amekwisha kuchinjwa, basi akarudi nyumbani akiwa mdogo kwa miaka miwili.

Alisoma shule ya msingi hapa Lufingo kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, akaendelea na sekondari mkoani Mbeya hadi 1974, kisha akaenda Morogoro kusomea mifugo, na tarehe 3 Januari 1978 akaajiriwa na serikali na kupangiwa Sumbawanga, ambako alitibu ng'ombe wa watu kwa miaka sita, hadi mwaka 1984 alipohamishiwa Rungwe, na hapa ndipo alipobaki mpaka alipostaafu mwaka 2018. Wengi wenu mnamkumbuka juu ya ile baiskeli yake, sanduku la dawa nyuma, koti la mvua mwaka mzima, akiingia kila zizi bila kubisha hodi, maana alisema mgonjwa wake hajui hodi. Barua ya kupandishwa cheo ilimfikia mwaka mmoja baada ya kustaafu, naye aliijibu kwa heshima zote, akiishukuru ofisi husika na kuitaarifu kwamba cheo amekipokea na atakitumia nyumbani.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Stumai, mama yetu huyu mliyemkuta amekaa hapo mbele, tarehe 5 Desemba 1981 katika kanisa la Moravian Rungwe, na uchumba wao ulianza akiwa likizo kutoka Sumbawanga, alipoitwa kumtazama ng'ombe wa mkwe wake aliyevimba tumbo, ng'ombe akapona siku ileile, lakini bwana mifugo akaendelea kuja kila baada ya siku mbili kufuatilia hali ya mgonjwa, hadi mzee mwenyewe akamwambia, "Kijana, ng'ombe anakula, anakojoa, maziwa anatoa, sasa sema kinachokuleta." Mungu aliwajalia watoto watatu, Yona, Belinda na Tuntufye, na wajukuu sita.

Jambo moja hamtaliona kwenye vyeti vyake, nalo ni sururu. Marehemu alikuwa na sururu yake mwenyewe, iliyokaa nyuma ya zizi pamoja na sepetu, na kilio kikipigwa popote katani, awe mtu mkubwa au kichanga, alifunga sururu kwenye baiskeli na kwenda kuchimba, akimaliza ananawa, anakaa na wanaume kwenye moto, anakunywa chai, anarudi nyumbani, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akihutubia msibani, kwa kuwa aliamini kwamba mtu akishachimba, aliyotaka kusema amekwisha kuyasema.

Mwaka 2020 wafugaji wa maziwa walimfuata wakamwomba atie nia ya ubunge kupitia chama chake, na hapa familia haitampaka marehemu mafuta, ubunge aliutaka. Aliutaka kwa moyo wote, alitaka barabara ya kupitisha maziwa wakati wa masika na tangi la kuyapoza, kwa sababu alikuwa amechoka kuona akina mama wakimwaga maziwa mtaroni, na Stumai anasema alikuwa akifanyia mazoezi hotuba yake zizini asubuhi wakati wa kukamua, na kwamba ng'ombe walimsikiliza vizuri kuliko kamati. Maana kamati ya usaili nayo ilimuuliza ana uzoefu gani wa kuongoza watu, akajibu ameongoza kamati ya josho la ng'ombe miaka tisa na hakuna aliyewahi kutoka ndani yake akiwa na kupe, na wajumbe wa kamati waliandika jibu hilo wakiwa hawajui waliweke wapi.

Meneja wake wa kampeni alikuwa rafiki yake wa siku nyingi, Husseni, mfanyabiashara wa Msasani pale Tukuyu, mtu aliyejua siasa za mji huu kama anavyojua bei ya sukari. Husseni alimshauri mapema kwamba kura zote ziko misibani, watia nia wenzake wanakwenda na gari, wanatambulishwa, wanaomba dakika mbili za pole na kuchukua ishirini, na kwamba yeye ambaye amezika nusu ya wilaya akisimama mara moja tu akajitaja, mchezo umekwisha. Marehemu alikataa, akasema, "Husseni, mimi nikisimama kwenye kilio nikataja jina langu, makaburi yote niliyochimba huko nyuma yatakuwa yalikuwa kampeni." Husseni alimwambia, "Basi mzee, utakufa bila gari la serikali," naye akajibu kwamba hilo halimsumbui, baiskeli anayo.

Siku ya kura za maoni ilikuwa Jumatatu, tarehe 20 Julai 2020, na mkutano ulipangwa kufanyika ukumbini Tukuyu, kila mtia nia apewe dakika tatu za kujieleza mbele ya wajumbe. Usiku wa kuamkia siku hiyo alifariki jirani yetu Bibi Alinanuswe, mjane asiyekuwa na mtoto wa kiume, na kulipokucha marehemu alikwenda kutoa pole akiwa amevaa suti, kwa nia ya kupita tu. Alikuta wazee watatu na sururu moja. Vijana wa kuchimba hawakuwapo, kwa sababu watia nia walikuwa wamewabeba alfajiri na malori kwenda kushangilia mjini, kila mmoja na fulana na soda yake, na baadhi yao, familia inasema kwa uchungu, walikuwa wamebebwa na Husseni.

Sasa sote tunajua kwamba kwetu kaburi likishaanzwa haliachwi wazi lisubiri kesho, na wale wazee walikuwa wamekwisha kulianza. Stumai alikuwepo, anasema mumewe alitazama saa, akatazama barabara ya Tukuyu, akatazama shimo lililofika magotini, kisha akavua koti la suti, akampa yeye, akasema, "Shika hili, lisichafuke, nalihitaji baadaye." Husseni alipiga simu, ikaita mfukoni mwa koti hilo mpaka ikazima yenyewe.

Alifika ukumbini wenzake wote wamekwisha kujieleza, akiwa na koti safi juu na suruali yenye udongo mwekundu mpaka mapajani. Mwenyekiti wa mkutano, baada ya kushauriana na kanuni, akampa dakika moja, na kabla hajaianza mjumbe mmoja akanyoosha mkono akauliza kwa sauti, "Ndugu mgombea, sisi tumekaa hapa tangu asubuhi tunakusubiri, ulikuwa wapi?" Ukumbi ukacheka, na Husseni aliyekuwa amesimama mlangoni, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kupigiwa na Stumai kwa simu ya jirani na kuambiwa kila kitu, alikuwa akimpungia mikono aseme, maana lilikuwa swali ambalo mgombea mwingine angelipa fedha ili aulizwe. Marehemu akasema, "Nilikuwa na kazi nyumbani." Dakika yake ikaisha kwa kelele za wajumbe waliosema huyu anatudharau, kama ana kazi nyumbani basi abaki nyumbani.

Kura zilihesabiwa hadharani, naye akapata nne. Wakiwa njiani Husseni alimfokea, "Sentensi moja, mzee! Sentensi moja tu ukumbi mzima ungelia!" na marehemu akamjibu, "Najua. Ndiyo maana sikuisema. Bibi Alinanuswe amefariki jana, leo nimpandishe jukwaani?" Lakini Stumai ni shahidi kwamba jioni ile hakwenda kukamua, alikaa upande wa pili wa zizi na hotuba yake ikiwa imekunjwa mkononi, na watu waliodhani kushindwa hakukumuuma walimwona kwa mbali. Mwaka ule nchi nzima ilipokuwa ikiwalaumu wajumbe, yeye aliwatetea, akasema walimuuliza swali zuri. Habari ilipovuja baadaye kutoka kwa wale wazee watatu, wajumbe wengi walikuja mmoja mmoja, kila mmoja akimwambia kwamba katika zile kura nne moja aliipiga yeye, na marehemu aliwashukuru wote, akasema kwa hesabu hiyo alikuwa ameshinda.

Familia imeisimulia habari hii leo kwa sababu marehemu hagombei tena nafasi yoyote.

Mwaka 2022 alianza kusumbuliwa na kisukari, na baadaye figo, akatibiwa hapa Tukuyu na Mbeya kwa vipindi tofauti, hadi Jumanne tarehe 22 Julai 2025, saa kumi na moja alfajiri, alipoiaga dunia akiwa nyumbani kwake, mkewe akiwa pembeni. Mtaona wenyewe Mungu alivyo na utani, maana amemchukua msimu wa kura za maoni. Tangu juzi kamati ya mazishi imepokea vikaratasi kutoka kwa watia nia waliofika kutupa pole, wakiomba kutambulishwa na kupewa dakika mbili, na tunawashukuru kwa upendo wao, ila marehemu aliacha neno kwa Stumai, na Stumai amelirudia mbele ya wazee mara tatu ili lisipotee, kwamba asitambulishwe mtu kwenye kaburi lake, na anayetaka kumuaga vizuri ajue sururu na sepetu ziko nyuma ya zizi.

Neno hilo lilifikishwa kwa wageni jana jioni, na leo asubuhi tulipokwenda shambani tukakuta watu wanachimba, wengine vijana wetu, wengine hatukuwategemea, mmoja akiwa ametundika koti lake la suti kwenye mgomba. Wapo waliokuwa wameondoka. Majina ya waliochimba familia inayajua, na haitayasoma.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Tukuyu na Mbeya waliomhudumia kwa uvumilivu, ingawa alikuwa akibishana nao juu ya dozi kwa kulinganisha na uzito wa ndama, tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa idara ya mifugo, wafugaji wa maziwa, kwaya, na majirani mlioleta kuni, ndizi na maziwa, na ndugu yetu Husseni, ambaye safari hii amebeba vijana kwa lori kuwaleta huku. Ndaga fijo, asanteni sana.

Pumzika, Tata Ambindwile, baba yetu. Kazi ya nyumbani leo tumeifanya sisi.