Historia ya Mzee Lekoko, Mdogo Wake Sakaya

"Jina hilo halisomwi mbele ya jeneza, na wewe Simel uliyekuzwa kwa makande ya hapa Qurus huwezi kunifundisha mila ya kwetu," alisema Bibi Nanyokie, mdogo wa marehemu, asubuhi ya leo kabla hamjafika, na Simel, mtoto wa kwanza wa marehemu, akamjibu, "Shangazi, ni Baba mwenyewe aliyeagiza lisomwe." Ndugu waombolezaji, mabishano hayo yalichukua saa nzima, na hatuyafichi, kwa sababu bila jina hilo maisha ya Mzee Lekoko hayasimuliki.

Marehemu alizaliwa mwaka 1944 huko Nainokanoka, Ngorongoro, akimfuata kaka yake Sakaya, naye akafuatiwa na Bibi Nanyokie. Alianza darasa la kwanza mwaka 1955, lakini hakulimaliza la tatu, kwa sababu tarehe 10 Julai 1957, wakati wa likizo, akichunga ndama na kaka yake kando ya msitu, ukungu ulishuka mchana kweupe, nyati akatoka vichakani, Sakaya akamwambia mdogo wake asimame nyuma yake wala asikimbie, lakini mdogo akakimbia. Alisikia vishindo vya wawili nyuma yake, kisha akasikia vya mmoja. Sakaya alipatikana kesho yake amekwisha kufa, na kama ilivyo desturi ya Wamasai kwa aliyekufa kijana bila kuacha mtoto, jina lake halikutajwa tena na mtu yeyote, nyumbani wala malishoni, na kazi yake ya kuchunga ikawa ya mdogo wake.

Mwaka 1966 marehemu alishuka Karatu, akafanya kazi ya ulinzi katika shamba la kahawa, na kuanzia 1985 hadi alipostaafu mwaka 2006 alikuwa mlinzi wa geti katika hoteli moja ya watalii. Alikuwa mwaminifu na mcheshi, ila siku ya ukungu alikuwa haonekani kazini, na wenzake walimtania kwa jina la Mzee wa Jua, wakisema anaogopa kulowa kama chumvi, naye alicheka pamoja nao, asiwaeleze kitu.

Tarehe 20 Septemba 1969 alifunga ndoa na Lusia, binti wa Kiiraqw wa hapa Qurus, wakajaliwa watoto watano na wajukuu kumi na tisa, na Bibi Lusia alitangulia mbele ya haki mwaka 2016.

Mwezi Agosti mwaka jana alikuja hapa nyumbani Dada Salha, mwenye duka la vitambaa Karatu mjini, akiwa na daftari la babu yake, marehemu Bwana Abdulwahabu, aliyekuwa mfanyabiashara na mtunzi wa hadithi, na ambaye kila jioni aliandika mambo ya siku yake. Dada Salha alitaka kulichapisha, na watu wote waliotajwa humo alikwisha kuwatambua, isipokuwa kijana mmoja, na kila mzee aliyemuuliza kule Ngorongoro aliinamisha kichwa na kuanza kuzungumzia mvua. Mjukuu wa marehemu ndiye aliyemsomea babu yake ukurasa wa kijana huyo, wa tarehe 10 Julai 1959, unaosema hivi: "Nimepotea katika ukungu, nimevushwa msitu na kijana aitwaye Sakaya, ana kovu mguu wa kushoto, chai yangu hakuinywa. Nimemuuliza kwa nini anatembea peke yake, akasema mdogo wake alikimbia, anamngoja."

Marehemu aliomba asomewe mara tatu. Kisha alieleza kwamba kovu hilo ni la kaka yake, kwamba siku hiyo kaka yake alikuwa na miaka miwili kaburini, na kwamba hakuna mtu aliye hai Ngorongoro nzima ambaye angethubutu kumtajia mgeni jina lile, kwa hiyo Bwana Abdulwahabu hakulisikia kwa mwingine ila kwa mwenyewe. Alimuuliza Dada Salha jambo moja tu, kama kijana yule alisema kwa hasira, na Dada Salha alipekua kurasa zote, asipate jibu. Tangu siku hiyo, yeye aliyekuwa akikimbia ukungu aliomba kitanda chake kigeuzwe kielekee mlangoni.

Mwezi Machi mwaka huu alipata kiharusi, miguu yote ikakosa nguvu, akalazwa wiki tano hospitalini, akarudishwa nyumbani, na tarehe 10 Julai, saa nne asubuhi, akaaga dunia akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Qurus waliombeba na kumfulia, wenzake wa geti la hoteli, kwaya, na Dada Salha. Baba yetu, babu yetu, pumzika sasa, amani iwe kwako.

Limebaki neno moja, lililomaliza mabishano ya asubuhi. Bibi Nanyokie alituambia jambo alilokuwa amelificha siku zote nne za msiba, kwamba asubuhi ya kifo ukungu ulikuwa umefika hadi kizingitini, naye alikuwa jikoni akichemsha uji, akageuka na kumwona marehemu, ambaye kwa miezi minne hakuweza hata kukaa bila kushikwa, amesimama wima mlangoni bila fimbo, akiangalia nje kama mtu anayemtazama mwenzake usoni, na akamsikia akisema kwa sauti ya kijana, "Tangulia, Sakaya. Safari hii sikimbii."