Dalmas Were Aliyekataza Sigara Sokoni

Dalmas Were Ogutu alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 hapa Funyula, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Ogutu na Mama Ajwang. Mimi ninayesoma haya ni mdogo wake, Thomas.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, mwaka 1954. Hesabu aliziweza. Kuimba, tuseme ukweli, hakukuweza, ingawa kwaya ilimvumilia.

Mwaka 1961 alikwenda Nairobi, akakata michongoma ya matajiri kule Karen. Mwaka 1964 akaajiriwa mlinzi wa soko la wazi la magodoro ya nyasi, karibu na mtaa wa Jamhuri. Tarehe 18 Agosti 1966, saa nane mchana, nyasi zilishika moto. Kibanda cha Annah Kanyiva, mjane kutoka Machakos, kiliteketea chote pamoja na cherehani yake. Hakuna aliyejua moto ulitoka wapi.

Tangu siku hiyo marehemu hakugusa sigara tena. Mwezi uliofuata aliiomba kamati ya wachuuzi ipitishe sheria: mtu asivute popote uwanjani, hata kama ni nje penye upepo, bali aende mpaka ukingoni mwa lami. Watu walimcheka, wakauliza kama mbingu nazo zina dari. Yeye akaisimamia kwa miaka kumi, bila kujali cheo cha mtu.

Hata mkwe hakupona. Mwaka 1968 Mzee Hezekiah alitoka Kimilili kuja kumchunguza kijana aliyemposa binti yake, akapitia sokoni bila kujitambulisha, akawasha kiko. Marehemu alimshika mkono kwa adabu, akamtoa hadi barabarani, akasimama naye juani mpaka kiko kikaisha. Jioni walipokutanishwa rasmi, Dalmas alitamani ardhi immeze. Mzee alisema tu kwamba binti yake atalindwa. Dalmas na binti huyo, Milcah Nakhumicha, walifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1968.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 1976. Alilazwa mara tatu, na Milcah hakumwacha hata siku moja. Tarehe 3 Oktoba mwaka huu, 1978, aliniita kitandani, akalia. Moto ule ulikuwa wa sigara yake. Kwa miaka kumi pale sokoni aliamkiana na Mama Kanyiva kila asubuhi, na kila asubuhi alishindwa kumwambia. Akaniambia, "Thomas, uende kwake. Halafu uyasome haya mbele ya watu siku ya kunizika." Alifariki tarehe 11 Oktoba, alfajiri.

Nilikwenda kwa Mama Kanyiva siku iliyofuata. Alinisikiliza hadi mwisho, bila kuacha kushona.

"Mimi nilimuona akitupa hiyo sigara," akasema. "Lakini siku hiyo watu walikuwa na hasira. Ningesema, wangemuua. Nikanyamaza, nikamngoja akuje mwenyewe." Kisha akapangusa macho. "Amechelewa tu. Lakini amekuja."

Niliona aibu kwa ajili ya ndugu yangu, na nilimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda.

Marehemu ameacha mjane, Milcah. Watoto wawili, Naliaka na Hezekiah. Mama mzazi, nami. Na huyu mama aliyeketi mstari wa mbele, kati ya Milcah na mama yetu, ndiye Annah Kanyiva. Amesafiri nasi kutoka Nairobi, na ameomba awe wa kwanza kumtilia udongo.

Dalmas na apumzike sasa. Amesamehewa.