Siku Kumi na Moja za Vestina Kambini

Mgeni rasmi, mkuu wa shule, wazazi na wanafunzi,

UKARIBISHO

Karibu Nyakiyobe. Umekuja kutufungulia maktaba, na suti imekukaa vizuri. Tulipoambiwa mgeni ni wewe, baadhi yetu walitaka kubaki nyumbani. Wengi tukasema twende, kwa kuwa historia ya chama chetu inaanza na wewe, na si adabu kumsema mtu akiwa hayupo.

HISTORIA

Mwaka 1997, watu wa asili ya Burundi walipokuwa wakikusanywa kupelekwa kambi za wakimbizi, ulifika hapa shuleni kama ofisa wa serikali, na orodha ya watu wa kuchukuliwa. Vestina Nkunzimana wa kidato cha tatu alikuwa getini na mama yake, Esteri, aliyemletea viazi. Ulimsikia akimwamkia, "Bwakeye, mama." Ukasema hicho ni Kirundi. Mgeni rasmi, hicho ni Kiha pia, lugha ya wenyeji wa hapa. Hata aliyekuchapia orodha huamkiwa hivyo kwao. Binti aliyezaliwa Busunzu, mkoani mwetu humu, akapakiwa kwenye lori akiwa na sare ya shule.

Wakati huo hatukuwa na chama. Tulikuwa wanawake kumi na wanne tuliowahi kusoma hapa, wakiwamo Swaumu muuza vitenge na Winifrida muuguzi, anayekusomea risala hii. Tulikuja ofisini kwako na cheti cha ubatizo cha Vestina.

"Mmetumwa na nani?" ukauliza.

"Hatukutumwa. Tumesoma shule anayosoma," akajibu Winifrida.

Ukasema cheti huweza kughushiwa.

"Basi na cha kwako kiletwe, tukione," akasema Swaumu.

Ukatutoa nje. Tukakaa kwenye benchi la korido kwa zamu, na hapo ndipo chama kilipoundwa. Siku ya kumi na moja tukamleta padri aliyembatiza. Ulisimama, ukampa kiti, ukaandika hapo hapo barua ya kumtoa Vestina kambini. Wanawake kumi na wanne hatukutosha. Kanzu moja ilitosha.

MAFANIKIO

Vestina alifaulu. Yuko kidato cha tano, anasoma fizikia. Tulimwalika leo, akasema hana la kukuambia. Pole yako hajaipata mpaka sasa. Wewe cheo umepata.

CHANGAMOTO

Wiki iliyopita Nadine na Niyubahwe wa kidato cha pili walifukuzwa kwa sababu ya majina yao. Barua waliyopewa inataja waraka wa kuwatoa shuleni wenye majina ya Kirundi, uliousaini mwaka ule na ambao hukuufuta. Labda ulisahau. Watoto wa watu husahaulika upesi mtu akipewa gari jipya.

MAOMBI

Hatuombi saruji wala mabati. Tunaomba uufute waraka huo leo, kwa maandishi, kabla ya kukata utepe. Karatasi tumeiweka mezani kwako. Wasichana wote wawili wako nje ya geti na masanduku yao, na mlinzi amekatazwa kuwafungulia. Maktaba inaweza kungoja.

Mungu akujalie afya, na akupe moyo wa kufuta ulichoandika.

Ni sisi,
Chama cha Wanawake Waliosoma Nyakiyobe,
Kasulu, Septemba 1999