Bi Mwanaheri, Mpishi Aliyelisha Wadudu

Bi Mwanaheri, mpishi wa kantini ya kiwanda chetu cha magunia hapa Temeke, anastaafu Ijumaa tarehe 28 Juni 1996, baada ya kutulisha miaka ishirini na minne. Alianza na sufuria mbili na kuni mbichi. Sisi tuliotoka Kasulu na Songea, tusio na mke wala shangazi mjini, tulikula kwake tukanyamaza.

Mwaka 1994 alikuja mwanafunzi wa udaktari, Elibariki, kuchunguza matumbo yetu. Tulimpelekea choo ndani ya viberiti. Mmoja wetu alichanganya viberiti, na hadi leo havuti sigara.

Elibariki alimweleza Bi Mwanaheri kwamba tumbo la mtu halimalizi maharage na dona peke yake. Kinachobaki hushuka utumbo mpana, ambako wadudu wasioonekana kwa macho wanakingoja. Wakigusa wanga wa aina fulani wanautambua, ndipo wanatengeneza kifaa cha kuukata. Wasipoupata siku nyingi wanaacha kukitengeneza, na ukirudi wanaanza upya kama vibarua wageni.

"Kumbe nina wateja ambao hawajawahi kunisalimia!" alisema Bi Mwanaheri.

Tangu hapo makande hayakukosekana. Aliyeomba wali mtupu aliulizwa, "Wewe umeshiba, baba. Na hao wa chini je?"

Mwezi wa kumi mwaka jana, tajiri mpya aliyenunua kiwanda alitaka kufunga jiko, tule mkate mweupe na soda. Alikuwa anatafuta sababu tu. Bi Mwanaheri angepunguzwa kazi zikiwa zimebaki, kabla ya kustaafu, siku chache kuliko nywele zake nyeusi. Ndipo akaja Bwana Afya, Albano, na daftari lake, kukagua usafi wa jiko.

"Shikamoo, bibi. Wadudu wapo?"

"Marahaba. Tele, mwanangu. Nawalisha kila mchana."

"Unawalisha?"

"Maharage na dona. Mkate mweupe hauwafikii."

Jiko likapigwa kufuli saa hiyo hiyo.

Tulikula mkate siku nne. Siku ya pili choo cha kiwanda hakikuwa na foleni. Siku ya tatu msimamizi aliuliza kwa nini magunia hayanyanyuki. Siku ya nne tulikwenda kwa Bwana Afya watu arobaini, tumeshika matumbo, pamoja na Elibariki wa kutuelezea na Bi Mwanaheri mwenyewe.

Bwana Afya alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe wa tumboni! Bibi, si ungesema?"

"Uliuliza kama wapo, mwanangu. Hukuuliza wanakaa wapi."

Akaandika: "Wadudu wapo, wa tumboni, wanalishwa vizuri. Jiko lifunguliwe." Tajiri alisoma mara mbili, akasaini.

Kwa hiyo Bi Mwanaheri hakupunguzwa. Anaondoka kwa tarehe yake, kwa miguu yake, mwiko mkononi. Ahsante, mama yetu. Mungu akupe mapumziko marefu huko Mbagala, na kuanzia Jumatatu upakuliwe wewe kwanza.