Msanii Namba Moja

Kwenye treni ya Pugu, kijana aliyekuwa akigawa vijarida vyake vya siri kwa sauti kubwa alimgeukia mama mmoja.

"Mama, ile haikuwa foleni! Nilikaa mlangoni pa ofisi ya mtaa, plasta mdomoni, kupinga urasimu. Ile ni sanaa!"

"Mwanangu, mtu kakaa pale toka alfajiri na makaratasi mkononi, sie tungejuaje? Tukapanga foleni nyuma yako. Karani kakuita, ukamkodolea macho. Akasema hahudumii wa pili kabla ya wa kwanza, akafunga dirisha."

"Mmeniharibia onyesho! Kesho narudia."

"Saa ngapi? Niwahi kukaa mbele yako."

Treni ikasimama. Nilishuka nimenuna, mie nilikuwa namba kumi na tisa kwenye foleni ile.