Povu la Paskazia

Wasikilizaji wapendwa, aliye jikoni apunguze moto, asogee karibu. Leo tunamkumbuka Paskazia Shigela wa Nyakato, hapahapa Mwanza. Paskazia, mwanamke aliyefuga bakteria.

Ndiyo, alifuga. Majirani walifuga kuku, yeye bakteria, ndani ya pipa la bluu kwenye chumba cha uani. Aliwalisha mafuta machafu yaliyokwisha kukaangiwa samaki, aliyopewa na mama lishe. Nao walimpa kitu cha kung'oa grisi kama sabuni, kisichodhuru ziwa. Kitu hicho dukani ni ghali mno. Paskazia alitaka mafundi wa injini za mitumbwi waweze kukinunua, waache kumwaga sabuni kali ziwani.

Lakini bakteria hao wanataka hewa, usiku na mchana. Umeme ukikatika, pampu inazima, nao wanaanza kufa. Hapo Paskazia alishika pampu ya baiskeli, akapuliza kwa mkono. Harusini haendi. Kanisani anatoka kabla ya matangazo. Mumewe, Nestory, anasema: "Nyumbani tulikuwa mimi, yeye na pipa. Na pipa ndilo lililotoa amri."

Kisha mama yake akaugua huko Sengerema. Paskazia akafunga safari. Alipofika kivukoni Kigongo, jirani akampigia simu: umeme umekatika, na Nestory yuko kazini. Alisimama pale na mfuko wake wa machungwa. Akageuka. Alijiambia atakwenda kesho. Mama hakufika hiyo kesho. Inauma, jamani.

Msibani, dada yake Dorcas alimwuliza mbele za watu: "Mama alikuwa anakuita wewe. Vidudu vyako navyo vilikuita?"

Aliporudi Nyakato alikuta pipa limefurika povu sakafuni. Povu lilikuwa adui yake, kila mara alilikomba akalimwaga. Siku hiyo hakuwa na nguvu, akaliacha. Asubuhi, pale lilipotanda, sakafu ilikuwa safi. Kwingine grisi ileile nyeusi. Kumbe kile alichohangaika kukitoa kwenye maji ya pipa, kwa kemikali za bei mbaya, kilikuwa kinapanda na povu! Tangu hapo akawa anakinga povu tu. Bei ikashuka, mafundi wakanunua.

Sasa angepumzika, sivyo? Wapi! Alimwambia Dorcas: "Nikiliacha pipa sasa, mama atakuwa aliniita bure."

Wiki iliyopita moyo wa Paskazia ulisimama, akiwa mle mle chumbani mwa pipa. Na wakati wa maombolezo, umeme ukakatika. Nestory akainuka. Dorcas akamshika bega: "Kaa, shemeji, wewe ni mfiwa." Akaingia yeye uani, akashika pampu ya baiskeli, akapuliza huku akilia, mpaka umeme uliporudi.

Nestory, Dorcas na ukoo wote wa Shigela, poleni sana. Mungu awatie nguvu.

Na wewe unayetusikiliza, labda una ndugu anayesema kazi haimruhusu kutoka. Usimgombeze. Nenda ukamshikie pampu, naye akamwone mama yake.